Kigogo Huyu na Kigogo Hiki: Maana na Matumizi ya Neno "Kigogo" katika Kiswahili cha Tanzania

Ikisiri
Makala haya yanachunguza neno kigogo (wingi: vigogo) kama linavyotumika nchini Tanzania kumtaja mtu mwenye jina na madaraka, kwa kuangalia kwa karibu mazingira ya Dodoma, ambako neno hilo linakutana na jina la lugha ya wenyeji. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, kiambishi ki- katika neno hili si cha udogo wala cha dharau, na ushahidi wake umo katika upatanisho wa kisarufi. Pili, kigogo si kisawe cha mtu maarufu: neno hili hudai madaraka na hutumika zaidi pale ambapo mwenye jina hatajwi kwa jina. Mifano ya sentensi na vichwa vya habari iliyomo humu imeundwa na mwandishi kwa kufuata miundo iliyozoeleka. Haikunukuliwa kutoka gazeti lolote.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilikutana na sentensi hii:

(1) Nilipofika Dodoma nilishangaa kukuta kigogo kila mahali.

Mwanafunzi alikuwa mgeni katika mji huu na hakuwa ametumia herufi kubwa. Je, alishangaa kusikia lugha ya Wagogo sokoni Majengo na katika daladala, au alishangaa kuona magari ya wakubwa yakipishana barabarani? Niliweka alama ya kuuliza pembeni. Aliponijia alisema alikusudia wakubwa, na kwamba hakujua kuwa kuna lugha iitwayo Kigogo. Tangu hapo nimeisikia tata hiyo mara nyingi, safari hii kama utani: hapa Dodoma sote ni vigogo, wenyeji kwa lugha na wageni kwa cheo.

Utani huo una historia yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi mji uliwaona wakubwa kwa msimu tu, Bunge lilipokuwa likikutana. Hali ilibadilika baada ya tangazo la mwaka 2016 la serikali kuhamia kikamilifu, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Leo wizara zipo Mtumba, na mtu aliyekuwa akisomwa gazetini anaonekana akinunua zabibu kando ya barabara. Neno ambalo wakazi walilijua kwa kulisoma limekuwa neno la kuelekezea kidole, na hapo ndipo ugumu wake wa kimaana unapojitokeza waziwazi.

2.0 Gogo, Wagogo na kigogo

Inafaa kuanza kwa kutenganisha maneno matatu yanayosikika kama moja. Lipo kigogo lenye maana ya gogo dogo, yaani kipande cha shina la mti uliokatwa. Lipo Kigogo, jina la lugha ambayo wenyewe huiita Cigogo. Na lipo kigogo, mtu mkubwa. (Msomaji wa Dar es Salaam ataongeza la nne, mtaa wa Kigogo, ambalo halituhusu.) Matamshi hayasaidii kuyatenganisha, kwa kuwa mkazo uko palepale katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sarufi ndiyo inayosaidia:

(2) Kigogo hiki kimeoza.
(3) Kigogo kinazungumzwa hadi Manyoni.
(4) Kigogo huyu amehamishwa.

Sentensi ya (2) na ya (3) zina upatanisho mmoja wa ki-, lakini hutofautiana kwa kuwa jina la lugha halina wingi: hakuna awezaye kusema *Vigogo vinazungumzwa hadi Manyoni. Sentensi ya (4) ina upatanisho wa uhai. Kwa hiyo vigogo wa- haliwezi kuwa jina la lugha wala la vipande vya miti, na mwanafunzi wangu angeandika kwa wingi, swali langu lisingezuka.

Kuhusu jina la Wagogo lenyewe, maelezo yanayosikika sana ni kwamba lilitoka kwa wapita njia. Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969 kuhusu mifugo na ukoo miongoni mwa Wagogo, analihusisha jina hilo na misafara ya Wanyamwezi iliyopita eneo hili katika karne ya 19. Wazee wa hapa husimulia kwamba wageni waliwakuta wenyeji wamekaa juu ya magogo, ndipo wakawaita hivyo. Masimulizi ya namna hii ni mali ya fasihi simulizi kabla ya kuwa ushahidi wa etimolojia, nami siyatumii kuthibitisha lolote. Nayataja kwa sababu baadhi ya wanafunzi huchukua hatua moja mbele na kudai kwamba kigogo, mtu mkubwa, limetokana na Wagogo, ati kwa kuwa watemi wao waliwatoza ushuru wasafiri. Ni kweli kwamba watemi wa Ugogo walitoza hongo, na misafara ya Wazungu, kuanzia ule wa Burton na Speke uliopita hapa mwaka 1857, ililalamika sana juu yake. Ni kweli pia kwamba hongo, iliyokuwa ada ya kupita na kupata maji katika nchi ya mtu, leo imekuwa jina la rushwa, na kwamba magazeti hupenda kuliweka neno hilo karibu na vigogo. Lakini maneno mawili kukutana katika sentensi moja hakuyafanyi kuwa ya ukoo mmoja. Mgogo wa kawaida hakuwahi kuitwa kigogo kwa sababu ya kabila lake. Anaitwa Mgogo, kwa kiambishi m-.

Hapo lipo jambo ambalo si la mzaha kwa wenyeji. Kwa muda mrefu, katika masikio ya watu wa pwani, jina la Wagogo lilihusishwa na ukame, njaa na watu waliokwenda mijini kuomba. Wanafunzi wanaotoka Mvumi, Mpwapwa au Bahi wanaujua vyema utani huo, na wengine huficha lugha yao wanapofika chuoni. Mwalimu anayesema darasani kwamba Kigogo na kigogo ni "neno lilelile" anatoa taarifa isiyo sahihi, na anawapa wenye utani silaha mpya.

3.0 Ki- isiyodunisha

Swali la kisarufi ni hili: imekuwaje kiambishi ambacho hupunguza (mtoto : kitoto, mlima : kilima) kikatumika kumkuza mtu? Jibu la haraka ni kwamba ni kejeli, yaani wananchi humpunguza mkubwa kwa kumwita gogo dogo. Nililiamini jibu hilo kwa miaka mingi na kulifundisha. Sasa naona halisimami.

Tuangalie upatanisho. Msemaji anapotumia ki- kwa nia ya kupunguza au kudharau binadamu, upatanisho huwa wa ki- kuanzia mwanzo hadi mwisho:

(5) Kitoto hiki kinalia tangu asubuhi.
(6) Kijitu kile kimekuja tena.

Dharau yenyewe imo katika upatanisho huo: mtu ameondolewa katika kundi la wenye uhai na kuwekwa pamoja na vitu. Kinyume chake, kiongozi, kijana, kipofu na kiziwi huchukua a-/wa-, kwa kuwa ki- katika maneno hayo haina kazi ya kupunguza mbele ya msemaji wa leo. Kigogo kinafuata kundi hili la pili bila kusitasita. Husemwa vigogo wa serikali. Vigogo vya serikali husikika kama kosa, au kama tusi la makusudi. Na tusi hilo lipo. Nimewahi kumsikia mzee mmoja kijiweni, Chang'ombe, akiwajibu vijana waliokuwa wakimsifia mkubwa fulani: "Hicho kigogo chenu kimefanya nini?" Kila aliyekuwapo alicheka, kwa sababu kila mmoja alisikia kiambishi kikirudishwa kwenye kazi yake ya kupunguza. Kama kigogo lingekuwa na dharau ndani yake tangu mwanzo, mzee asingehitaji kubadili upatanisho ili kudharau.

Ushahidi mwingine ni gogo lenyewe. Likitumiwa kwa binadamu, gogo humtaja asiyeelewa au asiyeamka: amelala kama gogo, ana kichwa cha gogo. Kama kigogo lingekuwa udogo wa neno hilo, lingemaanisha mjinga mdogo. Halimaanishi hivyo popote.

Nadhani maelezo bora yamo katika kundi la maneno ambalo kigogo limo. Kiswahili kina safu ya nomino za ki-/vi- zinazotaja watu wa juu: kiongozi, kinara, kingunge, kiranja, na katika lugha ya mitaani kibopa na kibosile. Baadhi zimetokana na vitenzi, kama kiongozi. Kinara lilikuwa jina la chombo cha kushikia taa. Kingunge wasemaji wengi wa leo hawawezi kulihusisha na nomino nyingine yoyote. Asili zao hazifanani, lakini umbo na upatanisho vinafanana, na mfanano huo ndio unaovuta maneno mapya. Msemaji hahesabu kwamba gogo ni zito, likapunguzwa, kisha likapandishwa cheo. Anapokea neno lenye umbo la kinara na kulipa nafasi ya kinara. Tunaposema vinara wa ligi na vinara vya taa tunatenganisha watu na vyombo kwa njia ileile tunayotumia kutenganisha vigogo wa wizara na vigogo vya kuchoma mkaa.

Je, picha ya mti bado imo? Vitenzi vinavyoandamana na neno hili vinatoa jibu la kuvutia. Vigogo hung'oka, hutikiswa, huanguka. Lakini gogo ni mti ulioanguka tayari. Haliwezi kuanguka tena, wala halina mizizi ya kung'olewa. Mwenye kuona picha ya gogo akilini asingeunda sentensi kama Kigogo wa bandari aanguka bila kuhisi mgongano. Wasemaji hawahisi kitu. Hiyo ni dalili kwamba sitiari imekufa na neno limebaki na maana yake mpya peke yake. Vitenzi hivyo vimetoka kwa mti uliosimama, ule wa methali isemayo mti mkubwa ukianguka wana wa ndege huyumba, na vimelihamia kigogo kwa sababu ya cheo chake.

Linganisha na kisiki. Mwanasiasa aliyeshindikana kuondolewa jimboni huitwa kisiki, na mlinzi wa soka asiyepitika huitwa kisiki cha mpingo. Hapa picha iko hai: upatanisho mara nyingi hubaki wa ki-, na vitenzi ni vya kisiki halisi, kwamba hakichimbuki, kwamba watu wamejikwaa. Hali ni hiyohiyo kwa mchezaji mpya anayeitwa kifaa: kifaa kipya chatua Jangwani, si *kifaa mpya atua. Magazeti ya michezo, ambayo wanaisimu huwa tunayadharau, yanatupa kipimo kizuri hapa. Miamba ya soka mara nyingi hubaki na upatanisho wa mawe, ilhali vigogo wa soka, Simba na Yanga wakiwa wa kwanza kutajwa, huchukua wa ingawa klabu si mtu. Kadiri sitiari inavyokufa ndivyo upatanisho wa uhai unavyoshika. (Sijui la kufanya na kiboko yao, ambayo haifuati ki- wala uhai, inastahili makala yake.)

4.0 Kigogo, staa na mheshimiwa

Wanafunzi wa tafsiri huniletea mara kwa mara orodha ambamo mtu maarufu, mashuhuri, nyota, staa na kigogo vimewekwa pamoja kama visawe. Kipimo rahisi ni kuchukua watu ambao umaarufu wao hauna shaka. Hukwe Zawose (1938–2003), mwana wa Ugogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya, alikuwa mashuhuri kuliko mawaziri wengi wa wakati wake. Hakuna aliyemwita kigogo. Alikuwa Mzee Zawose, kwa wengine Dk. Zawose. Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 na kuzikwa na umati mkubwa wa watu, alikuwa staa, tena supastaa. Kumwita kigogo kungeeleweka iwapo tu mzungumzaji angekusudia nguvu yake katika tasnia ya filamu, yaani nani apewe nafasi na nani anyimwe. Kigogo ni yule ambaye saini yake, simu yake au kukohoa kwake kunabadilisha maisha ya mtu mwingine.

Kipimo kizuri zaidi kimeletwa na wasanii walioingia Bungeni. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliiwakilisha Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na Joseph Haule, Profesa Jay, aliiwakilisha Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Walipofika Dodoma walikuwa tayari mastaa, na kwa kuapishwa wakawa waheshimiwa. Je, walikuwa vigogo? Nimewauliza swali hili wanafunzi wa makundi mbalimbali, na wengi husema hapana: ubunge peke yake hautoshi. Nikimtaja Hamis Mwinjuma, MwanaFA, aliyechaguliwa Muheza mwaka 2020 na kuwa naibu waziri mwaka 2023, majibu hubadilika. Kigogo wa wizara linakubalika, staa aliye kigogo linakubalika pia, na hakuna anayeona mgongano. Siyatoi majibu hayo kama takwimu; yanaonyesha tu mahali ambapo mpaka wa neno umepita.

Tofauti nyingine ni ya kuitana. Mheshimiwa, mkuu, bosi na hata staa hutumika kumwita mtu aliye mbele yako. Kigogo halitumiki hivyo. Hakuna katibu muhtasi anayesema "Karibu, kigogo, kiti hiki hapa," isipokuwa ni rafiki wa zamani na anatania. Kigogo ni neno la nafsi ya tatu: humtaja asiyekuwapo, au aliyepo lakini hasikii kwa kuwa vioo vya gari vimefungwa. Katika hili linafanana na maneno mengine ambayo wananchi wameyatunga kuwataja wakubwa kwa mbali, kama Wabenzi la miaka ya baada ya uhuru, lililotokana na Mercedes-Benz, na kama watu wa V8 la leo.

Mabadiliko ya mheshimiwa yanaeleza sehemu ya nguvu ya kigogo. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, ndugu ndilo lililokuwa neno rasmi la kuitana, la juu na la chini. Baada ya mageuzi ya kuingia vyama vingi mwaka 1992, mheshimiwa lilishika nafasi kwa nguvu, na Bungeni ndiyo namna ya kuitana hadi leo. Lugha ilipopata neno la kumpandisha mkubwa mbele ya uso wake, ilihitaji zaidi neno la kumtaja akiwa ametoka chumbani.

Wanawake wenye madaraka hawaitwi kigogo kwa wepesi kama wanaume. Anne Makinda alipokuwa Spika (2010–2015), na Samia Suluhu Hassan tangu awe Rais mwaka 2021, jina lililozoeleka ni mama. Rais, awe mwanamume au mwanamke, hukaa juu ya neno hili, lakini hata mawaziri na wakurugenzi wanawake huingia katika vigogo zaidi kwa wingi, wakiwa wamechanganywa na wenzao, kuliko katika kigogo kwa umoja. Kigogo mwanamke huhitaji kivumishi. Kigogo mwanamume hakihitaji.

5.0 Jina la kutotaja jina

Sifa ya neno hili ambayo kamusi haziwezi kuionyesha kwa urahisi ni kazi yake ya kuficha. Kichwa cha habari cha kawaida huwa na muundo huu:

(7) Kigogo wizarani matatani kwa zabuni
(8) Vigogo watano wahojiwa

Msomaji anaambiwa kwamba yupo mtu mkubwa, kwamba mwandishi anamjua, na kwamba hatatajwa, walau si katika herufi kubwa. Kwa miaka 40 vyombo vya habari vilifanya kazi chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Mwaka 2012 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa chini ya sheria hiyo, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Katika mazingira hayo kigogo lilikuwa, na bado ni, neno la usalama. Wizara kubwa ina vigogo wengi, na hakuna mmoja anayeweza kwenda mahakamani kwa ajili ya nomino ya jumla.

Lakini usalama huo una bei, na hulipwa na msomaji. Nomino isiyo na mwenyewe humgusa kila mwenye cheo na haimwajibishi yeyote. Mkurugenzi mwadilifu anaonekana kigogo sawa na mwizi, na mwizi anapata kivuli cha wenzake. Wingi hulizidisha hilo: vigogo huwageuza watu wenye majina na tarehe za kuteuliwa kuwa aina ya viumbe wanaoishi mahali fulani mbali na sisi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoliita neno hili sauti ya wanyonge bila kuongeza neno. Kijiweni ni hivyo, kwa sababu wasikilizaji wanajua ni nani anayesemwa. Gazetini mara nyingi hawajui. Inafaa kukumbuka pia kwamba akaunti iliyosomwa sana katika mtandao wa Twitter kwa kutoa tuhuma dhidi ya wakubwa, huku mwenyewe akijificha, ilijiita Kigogo2014. Neno la kuwafichia wakubwa likawa kinyago cha anayewafichua.

Huko Kenya, Pauline Kea amelipa neno hili anwani ya tamthilia, Kigogo, iliyosomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari. Kigogo wa tamthilia hiyo, Majoka, ana jina, jimbo lake la kubuni lina jina, na matendo yake yanaonekana jukwaani. Fasihi imefanya pale kile ambacho kichwa cha habari hukwepa. Huenda ndiyo sababu wanafunzi wa Kenya ninaokutana nao katika makongamano hulihusisha neno hili na dhuluma moja kwa moja, wakati Mtanzania anaweza kumwita mjomba wake kigogo kwa fahari tupu: "Mjomba ni kigogo pale Mtumba, atakusaidia."

6.0 Pendekezo kuhusu vidahizo

Kwa watunga kamusi napendekeza kwamba kigogo la mbao na kigogo la madaraka yawe vidahizo viwili vinavyojitegemea, si maana mbili chini ya kidahizo kimoja, kwa sababu yanatofautiana kwa upatanisho na kwa kuwa msemaji wa leo haoni uhusiano kati yake. Kidahizo cha pili kiandikwe wazi kuwa huchukua a-/wa-, kielezwe kwa madaraka na si kwa umaarufu, na kiwe na maelezo ya matumizi kwamba ni neno la kutaja, si la kuita. Upatanisho wa dharau, kigogo hiki, utajwe kama matumizi ya kimakusudi, ili mwalimu asiuwekee alama ya kosa. Jina la lugha libaki mahali pake, kwa herufi kubwa, na Cigogo liwekwe kando yake kama wenyewe wanavyoliita.

Kuhusu yule mwanafunzi, nilimrudishia insha yake bila kukata alama. Alirekebisha sentensi ikawa "nilishangaa kukuta vigogo kila mahali", kisha katika aya iliyofuata akaongeza nyingine, kwamba jirani yake wa bweni anazungumza Kigogo na ameanza kumfundisha salamu.